Kila Pacha Abaki Mmoja

4 Februari

Pacha wangu Pweza,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji yangu na kwa watoto wote, hasa yule mdogo aliyenipiga teke siku ya kuagana. Mimi nimefika kwa dada yangu salama, isipokuwa mgongo. Basi lile lilikuwa na kiti kimoja kibovu, na unajua bahati yangu.

Naandika barua kama mtu wa zamani kwa sababu unayoijua wewe mwenyewe. Ningekupigia simu ungeanza, "Eeh? Eeh? Sema tena!" mpaka jirani zako wote wajue mambo yangu na wewe usijue hata moja. Mashine ya kusaga kingo za vioo imeyala masikio yako, ndugu yangu, na pale kiwandani ni mimi peke yangu, pacha wako wa kubeba vioo, ninayejua imeyala kiasi gani.

Nimepewa chumba cha uani. Kilikuwa cha baiskeli na mifuko ya saruji, dada akakipiga deki, akatundika pazia, sasa kinajifanya chumba. Mume wake ni mtu mwema sana. Kila asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje, mgeni?" Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu imeshapita na jembe sijapewa, na hilo ndilo linalonitisha.

Bado namwona meneja amesimama juu ya lile kreti, anatuambia benki za ng'ambo zimeanguka, maghorofa yamesimama nusu, hakuna anayeagiza kioo. "Ni uchumi wa dunia," anasema. Fundi wa tanuru akamwuliza huyo dunia anakaa mtaa gani tukamwone. Tulicheka sana. Kisha akatoa hukumu yake: kila pacha abaki mmoja, mwingine aende likizo bila malipo. Aliona hiyo ndiyo haki, eti hakuna pacha aliyeonewa kuliko mwingine. Huyo hajawahi kubeba kioo. Ukiwatenganisha watu waliozoea kubeba pamoja hupati nusu ya kazi, unapata mtu asiyejua aweke wapi mikono yake.

Sijuti kunyoosha mkono kwamba niondoke mimi. Wewe una watoto, mimi nina begi. Lakini nataka kujua jambo moja: wamekupanga na nani? Na je, umemfundisha kugonga? Mweleze tu. Akigonga kioo mara moja, simama. Mara mbili, teremsha. Akikwaruza kwa ukucha, achia. Wenzetu wote wanapiga kelele "Naachia!" na wewe hiyo kelele huisikii hata ikipigwa sikioni. Kwa mkono lakini unasikia kuliko sisi sote, kioo chenyewe kinakuletea. Usione haya, Pweza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kioo kinanunuliwa, mkono haununuliwi, hayo ni maneno yaliyopakwa rangi ukutani na unayasoma kila siku.

Nijibu upesi.

Pacha wako,
Kinyonga


19 Februari

Kwako Kinyonga, mtembea kinyumenyume,

Barua yako imefika. Nilimsomea shemeji yako, nilipofika kwenye mifuko ya saruji akacheka mpaka akakaa chini. Anasema hilo pazia bila shaka ni lile ulilomwibia siku ya kuhama. Mtajuana wenyewe.

Huku tupo. Mashine ya pili imefunikwa turubai, njiwa wameingia paani na wamejipa cheo, wanatunyea kama wasimamizi. Wengine wanasema kiwanda kimekuwa kimya. Mimi ukimya wao siujui, lakini naupata miguuni. Sakafu ilikuwa inatetemeka kutoka asubuhi mpaka kengele ya kutoka, mpaka ukifika nyumbani unadhani bado inatetemeka. Siku hizi ni sakafu tu, kama ya msibani. Watu wanakula mchana bila utani. Kila mtu anamtazama mwenzake anajiuliza, kwa nini wewe umebaki na pacha wangu hayupo? Na mimi pia najiuliza. Zamani nililalamika kila siku kwamba kazi inanimaliza. Kumbe isipokuwepo ndiyo inammaliza mtu haraka zaidi.

Nimepangwa na Msemaji, yule bwana wa idara ya vioo vya magari. Jina hakulipewa bure. Anaanza asubuhi na mama mkwe wake, saa nne yuko kwenye mpira, mchana anaendesha serikali. Mimi natikisa kichwa tu. Akicheka nacheka. Juzi nikacheka vizuri sana, kumbe alikuwa ananieleza msiba wa baba yake mdogo. Nilimwomba radhi, nikasema nilikuwa nawaza mambo mengine.

Hayo ya kugonga hayana haja. Tumeshazoeana. Nikianza kumfundisha kugonga ataniuliza kwa nini, nikimwambia kwa nini kesho ameshamwambia mama mkwe wake, na keshokutwa niko ofisini napimwa masikio. Unajua wanawapeleka wapi waliofeli masikio. Wanawapeleka nyumbani.

Kwa hiyo pumzika, usinikalie rohoni. Nyumba haisimami kwa nguzo moja.

Ndugu yako,
Pweza


10 Machi

Pweza,

Nimeisoma hiyo ya nguzo zaidi ya mara moja. Si kitu. Nimefurahi kwamba nyumba imesimama.

Nina habari. Shule ya hapa inataka fundi wa kudumu wa madirisha, milango na madawati. Mwalimu mkuu ni rafiki wa mume wa dada, akaniomba nimwonyeshe kazi. Nimewawekea vioo darasa zima. Vioo vyenyewe, pacha, ungevionea huruma! Mtu anakibeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili anakula karanga. Unapaka puti ya kushikia kioo pembeni, unabana na msumari, umemaliza. Watoto wanakutazama kama mchawi.

Lakini nikwambie kitu cha ajabu. Sijui kubeba peke yangu. Nachukua kile kioo kidogo, naanza kutembea, kisha najikuta nimesimama mlangoni nasubiri. Nasubiri upande wa pili useme kitu. Mwalimu mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia napumzika. Miaka yote ile nilidhani ujuzi wangu uko mikononi, kumbe nusu yake niliiacha kwako.

Sasa sikiliza. Meneja ameniandikia. Anasema maagizo machache yamerudi, na mwisho wa mwezi huu wataita baadhi yetu, kila mmoja kwa pacha wake wa zamani. Anayetaka jina lake libaki athibitishe. Na mwalimu mkuu naye anataka jibu mwisho wa mwezi huohuo, ana mtu mwingine anasubiri. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi siwezi kupokea kazi ya watu kisha nikawakimbia.

Basi nakuuliza wewe, simwulizi mwingine. Je, mambo ni kama unavyoniandikia? Msemaji anakutosha? Ukisema rudi, narudi, na shule nitaiomba radhi. Ukisema kaa, nitakaa. Niambie neno moja tu, lakini liwe la kweli.

Kinyonga


22 Machi

Kinyonga,

Kaa.

Unataka nini cha zaidi? Umepata kazi chini ya paa, watu wanakuita mwalimu fundi, unakula karanga. Shule haifungwi eti kwa sababu benki ya ng'ambo imeanguka. Watoto watavunja vioo hata dunia nzima ikifilisika, tena ndipo watakapovunja zaidi. Sisi huku leo tumeitwa, kesho tumefukuzwa. Hao walioitwa mwisho wa mwezi, nani anajua watakaa mpaka lini?

Umetaka ukweli, huu hapa. Mimi na Msemaji tunakwenda kama maji. Juzi tulibeba kioo cha mbele cha duka, kile kirefu tulichokuwa tunakiogopa mimi na wewe, tukakipandisha ngazi bila hata kupumzika. Msimamizi alisimama akatutazama. Huku hakuna mtu anayekuhitaji, ndugu yangu. Nakwambia bila kukuficha ili usije ukakosa mwana na maji ya moto.

Shemeji yako anakusalimu. Leo amenuna, sijui nimemkosea nini.

Pweza


6 Aprili

Kwa Bwana Pweza,

Nimepokea jibu lako. Nashukuru kwa ukweli.

Nimemwandikia meneja afute jina langu. Nimemwambia nafasi yangu ampe yeyote, maana pacha wangu wa zamani ameridhika na mwenzake mpya na kazi inakwenda kama maji. Nimetumia maneno yako hayohayo.

Nilijidanganya. Niliondoka pale nikidhani nimeacha pengo, kila siku nikikaa kwenye hiki chumba cha baiskeli najiambia, "Sasa hivi Pweza anahangaika, sasa hivi ananitafuta." Mtu akikosa kazi anabaki na hayo tu ya kujifariji, kwamba mahali fulani anahitajika. Ulifanya vizuri kuniondolea.

Nimeanza kazi shuleni. Kazi ni nzuri. Wasalimie watoto.

Fundi wa madirisha


28 Aprili

Shemeji Kinyonga,

Nakusalimu kwanza kwa adabu, maana nikimaliza salamu adabu itakwisha. Hujambo? Dada hajambo? Haya.

Mume wangu ameumia. Yuko hai, usianguke. Walikuwa wanateremsha kioo kikubwa kwenye ngazi ya ghalani, Msemaji akakanyaga maji akateleza, kioo kikaanza kulala. Msemaji akapiga kelele "Naachia!" akaachia, na ndivyo sheria yenu inavyosema, sina la kumlaumu. Pweza alikuwa amegeuza uso anatazama ngazi. Mdomo hakuuona, kelele hakuisikia. Akabaki ameshika peke yake. Kioo kilivunjikia mikononi mwake. Mkono wa kulia umekatika mishipa, daktari ameishona, lakini vidole havikunjiki. Kikombe hakishiki. Kifungo cha shati namfunga mimi.

Kiwandani wakaleta mtu hospitali kumpima masikio. Mgonjwa bado ana damu kwenye bendeji wanamwekea chombo sikioni! Wakaandika kwamba alificha ulemavu na kumhatarisha mwenzake. Wamemwachisha kazi. Barua yao ilianza kwa kusema hali ya uchumi duniani ni ngumu.

Msemaji alikuja wodini akalia mbele ya watu. Aliniambia, "Mama, kila nilipomsemesha alitikisa kichwa, nikadhani ananisikia." Nikamwambia alikuwa anatudanganya wote, si wewe peke yako.

Sasa nakuja kwako. Ile barua yako ya kuuliza urudi au ukae ilipofika, Pweza alikuwa ameshaponea chupuchupu na Msemaji, kioo kilimpita mguuni. Alirudi nyumbani hawezi hata kuvua viatu. Akasoma barua yako, akakaa mezani akaandika. Nilisimama nyuma yake nikaona kwa macho yangu: "Rudi, pacha, naogopa." Nikashukuru Mungu. Nilipotoka kuanua nguo na kurudi, ameshaichana. Akaniambia, "Mwenzangu amepata kazi ambayo huo uchumi wao hauifikii, nimwite arudi shimoni kwa ajili ya masikio yangu?" Nilimfokea, akafumba macho ili asione ninachosema. Hiyo ndiyo dawa yake, kiziwi yule, akifumba macho umekwisha.

Na wewe je? Wewe ndiye uliyejua! Dunia nzima mtu aliyejua ni wewe na mimi. Mtu asiyesikia anakwambia anakwenda kama maji na mwenzake anayeongea mchana kutwa, na wewe unaamini? Hukuamini, shemeji. Ulinuna. Uliambiwa huhitajiki ukaumia, ukaandika "Kwa Bwana Pweza" kama unaandikia benki. Alipoisoma hiyo akasema, "Vizuri, sasa hatarudi."

Mmebebeana vioo miaka yote hiyo bila kuvunja kimoja, na neno moja mmeshindwa kupeana. Nimechoka na nyinyi wote wawili.

Amenikataza kukuandikia. Nimeandika.

Shemeji yako


5 Mei

Pweza, ndugu yangu,

Shemeji ameniandikia, usimgombeze.

Niliisoma barua yake kwenye ngazi ya shule, kipindi cha mapumziko, watoto wanapiga kelele kila upande. Nikawaza kwamba hata hizi usingezisikia. Mwalimu mkuu akanikuta pale akaniambia niende nyumbani.

Siku za kwanza nililaumu dunia. Nililaumu benki zao, maghorofa yao, meneja na kreti lake. Na kweli wana lawama. Nani aliwaambia watu wanaweza kukatwa nusunusu ili hesabu ya haki itimie? Mtu aliyekaa mbali alicheza na mali isiyo yake, huku kwetu wewe unafungwa vifungo vya shati. Wapiganapo tembo nyasi huumia, hilo tunalijua tangu tukiwa watoto.

Lakini nikifika hapo nakwama, pacha. Si benki iliyoandika ile barua ya tarehe sita Aprili. Niliiandika mimi, kwenye chumba changu, nimekunja uso, nikichagua maneno ya kukuchoma. Shemeji amesema nilinuna. Amesema kweli. Nilipoona "huku hakuna mtu anayekuhitaji," akili yangu ilisema, "Huyu anaficha kitu." Niliisikia kabisa. Moyo ukajibu, "Hata kama anaficha, mwache aone." Mwache aone! Nimeyasema hayo juu yako. Nayarudia kila siku ninapoamka na sijui nitaacha lini.

Meneja ameniandikia tena. Nafasi imepatikana, anasema, kwa kuwa Msemaji hana mwenza. Imepatikana! Nimemjibu kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe.

Nataka kuja. Shule itafungwa mwezi ujao, nitakuwa na muda. Lakini safari iliyopita nilisoma barua yako jinsi nilivyotaka mimi, na wewe uliiandika jinsi ulivyotaka wewe, na matokeo tumeyaona. Kwa hiyo nakuuliza tena, na ukitaka kunificha jua kwamba sasa nitakuona. Nije au nisije?

Ndugu yako anayejuta,
Kinyonga


17 Juni

Pacha,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Binti yangu alitaka kuniandikia, nimekataa. Nimechukua siku nyingi, kila siku mstari au miwili, kisha shingo inauma. Kwa hiyo ukiona nimeruka jambo usidhani naficha, ni uvivu wa mkono.

Usijibebeshe yote. Ulichoniandikia tarehe sita kiliniuma, lakini mimi ndiye niliyekutengenezea. Nilikufungia mlango makusudi ili usirudi. Ulipokasirika nilijua nimefaulu. Hakuna siku nimefaulu vibaya kama ile.

Nakaa mlangoni. Shemeji yako amepata kufua nguo za hoteli, anatoka asubuhi, mimi nabaki na mdogo. Wanangu wamejua kuzungumza na mimi. Wananigusa bega kwanza, wananitazama usoni, wanasema polepole. Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka yote nilikuwa nawajibu "ndiyo, ndiyo" bila kujua nimeombwa nini, na wao walikua wakidhani baba yao hajali.

Msemaji alikuja jana. Safari hii hakuongea. Alikaa kwenye kile kigoda akatoa karatasi, akaandika, "Kwa nini hukuniambia? Ningegonga." Nikamtazama. Si mtu mbaya, Kinyonga. Ni mtu mwema mwenye kelele. Ningemfundisha asubuhi moja tu na angejua yote kabla ya chai. Niliogopa nikitaja masikio nitapoteza kazi. Sasa kazi nimepoteza, mkono nimepoteza, na masikio hayajarudi. 

Mashine zote zimefunikwa sasa, aliniandikia hilo pia. Kiwanda kinafungwa mwisho wa mwezi. Ile nafasi iliyokuwa na mwenyewe haipo tena, si kwangu, si kwako, si kwake. Nilichokilinda kwa kukaa kimya kingenifia hata ningesema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Ningesema ukweli, tungefukuzwa pamoja, na jioni ningekamata kikombe changu mwenyewe.

Umeuliza nije au nisije. Kazi ilipokuwepo niliona haya kukuita, nilidhani nakuita uje kuwa masikio yangu. Sasa sina kazi ya kukuitia, na haya imeniisha. Nimechoka kukaa bure, naogopa, na hapa nyumbani hakuna anayejua kunitania.

Njoo, pacha. Njoo hata kama hakuna cha kubeba.

Pweza